Majani Yaliyokosa Jua

Nilipokubali kuolewa tena, na magoti yangu haya yanayolia kuliko mlango, watoto walinuna, majirani wakacheka, nami nikaenda kununua miche.

Chini ya dirisha la chumbani kwangu kulikuwa na kiti cha marehemu mume wangu. Miaka yote alikaa pale asubuhi, bega la kushoto limeshuka, anaota jua na kunisubiri nimletee chai. Alipokufa kiti kikabaki, na ardhi ya chini yake ilikuwa ngumu kama kichwa chake. Sasa mwanamume mpya ataingiaje ndani huku anapishana na kiti cha mwenzake? Nikakitupa stoo, nikalima tuta la maua pale pale. Maua yenyewe sikuyataka, yanadondoka. Nilitaka majani ya rangi.

Bwana harusi, fundi cherehani wa mtaa wa pili, alinisindikiza kwenye kitalu cha miche. Mtu wa rangi yule. Anashika jani kama anashika kitambaa.

"Hili la manjano lenye madoa mekundu," akasema. "Nyuma yake hili la zambarau. Fupi mbele, refu nyuma, kama watu wanaopigwa picha."

"Na hili jeusi jeusi?"

"Hilo la wajane, bibie. Wewe unatoka huko."

"Bado sijatoka, Fundi. Usikate kitambaa kabla ya kupima."

Muuza miche, mwanamke mwenye ndala za matope, akatuonya. "Majani haya chakula chake ni jua. Ukiyaweka kivulini yanageuka kijani, rangi yote inapotea. Mnakopanda hakuna kivuli?"

"Hakuna mti wala ukuta mbele," nikamwambia. "Jua linapiga mpaka rangi ya dirisha imebabuka."

Tukapanda. Tuta likawaka, wapita njia wakawa wanasimama kutazama, nami nikawa najifanya nafagia ili nisikie sifa. Halafu katikati ya tuta majani yakaanza kuwa kijani. Hayakunyauka, wala hayakuwa na wadudu. Yalinenepa vizuri tu, lakini kijani kama mchicha, na pembeni yake wenzao wanawaka moto.

Nikamwita muuza miche. Akachuchumaa, akapapasa udongo, kisha akainua uso akatafuta juu, kushoto, kulia.

"Hapa pana kivuli," akasema.

"Kivuli cha nini?" Jua lilikuwa linatuchoma sote utosini.

"Mimi nitajuaje, mama? Nakwambia tu majani yanavyosema." Akaondoka hata maji ya kunywa hakutaka.

Jioni, kabla jua halijazama, akaja Fundi. Alisimama mbali, karibu na geti, akainamisha kichwa kama anavyofanya nguo ikimkataa. Akasogea. Akavua tepu yake shingoni, akaitandaza juu ya majani bila kuyagusa.

"Bega la kushoto," akasema polepole. "Limeshuka vidole viwili. Makoti yake yote niliyajaza pamba upande huu."

Ndipo nami nikaona. Kichwa. Mabega. Magoti yaliyokunjwa. Mtu mzima wa kijani, amekaa katikati ya wekundu, kama kitambaa kilichokatwa kinasubiri kushonwa.

Nikajaribu mzaha. "Si amekaa tu? Siku akisimama ndiyo tuogope."

Fundi hakucheka. "Nakupenda, bibie. Lakini siingii kwenye nyumba ambayo mwenyewe yupo. Hapa pakirudi rangi, nitakuja na cherehani yangu. Pasiporudi, tusalimiane njiani."

Maneno yale yalinikata. Mtu akila peke yake muda mrefu, hata chumvi haisikii. Mimi nilikuwa nimeanza kuisikia tena.

Asubuhi nikatoa kiti stoo, nikakiweka nyuma ya nyumba, jua linapofika. Nikaweka kikombe cha chai juu yake.

"Baba watoto," nikasema, "hamia huku. Pale mbele nina kazi napo. Ulikuwa mpole ukiwa hai, usianze ukorofi sasa."

Miche ikachipua upya. Majani mapya yakatoka ya manjano yenye madoa mekundu, nyuma yake ya zambarau, tuta zima. Fundi akaja na cherehani, akaiweka ndani, chini ya dirisha la chumbani, kwa ajili ya mwanga, akatushonea pazia jekundu. Nikacheka mpaka majirani wakachoka kunisema.

Juzi nilikuwa nakung'uta vumbi. Jua la dirisha lile halina huruma, pazia limepauka lote, limekuwa rangi ya ufizi. Lote, isipokuwa sehemu moja ambayo bado ni nyekundu kama siku liliposhonwa, kana kwamba kuna kitu kinalikinga. Kati ya pazia na kioo hapaingii hata kiganja. Nilirudi nyuma hatua chache, nikainamisha kichwa kama Fundi.

Hakuwa amekaa.

Fundi alikuwa chini yake, ameligeuzia pazia mgongo, anashona huku anaimba. Hajui.

"Fundi," nikasema, "hamishia cherehani ukuta wa kule."

"Kule giza. Hapa pazuri, nimepazoea." Akajinyoosha. "Leo niletee chai hapa hapa dirishani, niote jua kidogo."

Mwanamume huyu hajawahi kuruhusu chai isogee karibu na kitambaa. Nikamtazama vizuri, shati alilojishonea mwenyewe, na vipimo vyake havikosei. Upande wa kushoto lilikuwa limelegea, bega halilijazi.

"Mbona umeduwaa?" akauliza, bila kuinua uso. "Chai."

Nikaenda jikoni. Mume niliyemtaka ninaye, nani anirudishe kula peke yangu? Nikabandika maji, nikatoa vikombe. Vitatu.