Mhadhiri wa Kemia na Kiwanda cha Sabuni

Profesa, mkuu wa idara ya kemia, alipoipata habari, hakumwita Daktari ofisini. Alingoja mkutano wa idara, watu kumi na wawili wameizunguka meza, ndipo akasema, "Kabla hatujaanza, tumpongeze Daktari wetu. Nasikia anakwenda kupika sabuni."

Wakacheka. Aliyecheka kuliko wote ni yule mwenzake aliyekuwa akiimezea mate ofisi ya Daktari.

Daktari alikuwa amefundisha kemia pale miaka kumi na moja. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na wanafunzi walimwita Mizani kwa sababu hakujua kukadiria. Kitu kwake ama kimepimwa, ama hakijapimwa. Kiwanda cha sabuni kilikuwa kimemwalika tu akaone maabara yao, waongee. Lakini kuta za idara ile zilikuwa na masikio, na masikio yenyewe yalikuwa na midomo.

"Sijaamua, Profesa."

"Basi nikusaidie kuamua." Watu walipotoka, Profesa alimzuia mlangoni. "Ile ripoti yako, kwamba mabomba ya maabara yanavujisha asidi kwenye mtaro wa bweni, ninayo mezani mwaka wa tatu huu. Ikisomwa, wataulizana nani msimamizi wa maabara. Ni nani?"

"Mimi."

"Basi tulia, mama. Ukiondoka, naitoa."

Nyumbani hakukuwa na nafuu. Kaka yake, fundi seremala aliyemlea baada ya wazazi kufariki, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasukuma kikombe cha chai pembeni.

"Niliacha shule darasa la sita ili wewe usome. Usome, uje uchanganye mapovu?"

"Kaka, pale nadharauliwa."

"Dharauliwa ukiwa mhadhiri! Mvumilivu hula mbivu."

"Miaka kumi na moja, kaka. Hizo mbivu zimeshaoza."

Kaka akainuka, akaondoka bila kuaga. Chai ilibaki ikifuka mvuke.

Alikwenda kiwandani kesho yake akiwa na hasira za watu wawili kifuani, akakutana na wa tatu. Mkuu wa uzalishaji alikuwa pande la mtu, ovaroli limembana tumboni, sauti imezoea kushindana na mashine. Hakumpa hata mkono.

"Wasomi mnakuja, mnaandika, mnaondoka. Sisi tunatengeneza."

Daktari alikuwa ameokota kipande cha sabuni kilichotoka kukatwa, na ncha za vidole zilianza kumwasha.

"Hii imepimwa?"

"Tangu asubuhi."

"Nani kapima?"

"Mama, umekuja kuomba kazi au kunihoji?"

Aliomba dawa ya kupimia, akadondosha matone mawili juu ya kipande kile. Yakageuka rangi ya waridi iliyokolea. "Magadi yamezidi. Hii itababua watoto."

"Unajua zipo tani ngapi kwenye mkanda ule?"

"Sijui. Najua itababua."

Walifokeana mbele ya wafanyakazi, mate yakiruka. Mwishowe yule bwana akanyakua chupa, akaenda mwisho wa mkanda, akapima mwenyewe. Akapima tena. Mara ya tatu alitukana tusi zito, hata haikueleweka anamtukana nani, akaenda ukutani akabonyeza kitufe chekundu. Mashine zikanyamaza.

"Umeniharibia siku," alisema. "Jumatatu, saa moja kamili asubuhi. Ukichelewa, usiingie."

Daktari alisimama katika ukimya ule. Hakumpenda mtu yule hata chembe. Lakini jambo alilolisema yeye limepimwa, na limesimamisha kiwanda ndani ya robo saa. Kule chuoni, neno lake lilikuwa limelala mezani miaka mitatu, na maji yakiendelea kupita chini ya madirisha ya wanafunzi.

Jioni ile aliandika barua mbili. Moja ya kuacha kazi. Ya pili aliiambatanisha na nakala ya ripoti, akaipeleka moja kwa moja kwa mkuu wa chuo, na mahali pa msimamizi wa maabara akaandika jina lake kamili.

"Umejichoma kwa mkono wako," Profesa alimwambia.

"Najua. Lakini hutanichoma wewe."

Hakuna aliyemuaga. Alipokuwa akishuka ngazi na boksi la vitabu, yule mwenzake aliyeimezea mate ofisi alikuwa tayari anabadilisha kitasa cha mlango wake.

Mabomba yalifukuliwa mwezi uliofuata. Yeye akaletewa barua ya karipio kutoka chuoni, akaisoma mara moja, akarudi kwenye vipimo vyake, ambavyo mkuu wa uzalishaji alivipinga kila siku na kuvifuata kila siku.

Baada ya miezi minne alipita kwenye karakana ya kaka. Alimkuta na mteja.

"Huyu ndiye mdogo wangu," kaka akasema haraka. "Anafundisha chuo kikuu."

"Nilifundisha," Daktari akasema. "Sasa natengeneza sabuni."

Kaka akawageuzia mgongo wote wawili, akaanza kupiga randa ubao uliokuwa umeshalainika.