Maziwa Yasiyoonja Moto

Kwa Mama Gozbert maziwa hayaonji moto. Ukija kupanga kwake hapa Mtoni, hilo unaambiwa hata kabla hujaonyeshwa choo. Ng'ombe wake, Bihogo, anakaa bandani nyuma ya nyumba, na Mama Gozbert aliachiwa neno na bibi yake mzaa mama huko Bukoba: maziwa yakichemshwa na watu wa mwenye ng'ombe, chuchu zinakauka, na kizazi kinafunga, cha ng'ombe na cha wanawake wa nyumba hiyo. Ama yanywewe mabichi, ama yaachwe yagande. Mimi nilikuwa nayanunua kwake, nayachemsha. Nafunga dirisha, nawasha jiko, nasimama palepale yasije yakamwagika, maana harufu ya maziwa yaliyoungua haifichiki. Sina ugomvi na mila ya mtu, ila tumbo ni langu.

Asiyekuwa na dirisha la kufunga ni Vaileth, mke wa Gozbert. Binti wa Mbeya, mpole mpaka anakera. Mimba mbili zilikuwa zimeshamtoka, na hii ya tatu ndiyo iliyofika mbali, tumbo limeanza kuinua kanga. Nyumba nzima tulikuwa tunalilinda tumbo lile, na Mama Gozbert kuliko wote. Kila asubuhi kikombe cha kwanza, chenye joto la kiwele na povu juu, alimpelekea mkwewe kabla hajampa hata mwanawe anayewahi bandarini. Hakuwa mama mkwe mbaya. Natamani angekuwa mbaya, ningepata wa kumchukia.

Asubuhi moja tukasikia Bihogo anakoroma bandani. Alikuwa ametupa ndama, siku zake bado kabisa. Kitoto kimelala kwenye majani, hakina hata manyoya. Kondo la nyuma likagoma kutoka, Mama Gozbert akalivuta kwa mikono mitupu huku Vaileth akimshikia ndoo.

Mchana akaja Fredrick, bwana mifugo. Akavaa glavu, akamtoa Bihogo damu shingoni.

"Mama, shikamoo. Kuna vijidudu vinavyomfanya ng'ombe atupe mimba hivi. Majibu yatachelewa kidogo. Kwa sasa maziwa yachemsheni."

Mama Gozbert alimtazama kama mtu aliyetukana msibani. "Tuchemshe? Si ndiko kulikomtoa ndama huyu? Anayechemsha yumo humuhumu ndani."

"Ni mie, Mama Gozbert," nikasema. "Nachemshaga tangu nihamie."

"Wewe Mama Benja umeshanunua, ni yako. Ng'ombe hashtuki kwa jiko la mpangaji. Anashtuka kwa jiko la nyumbani kwake."

Akageuza macho kwa Vaileth.

Kesho yake Vaileth akatoka mwenyewe uani. Akapokea kikombe mbele yetu sote, akanywa mpaka mwisho, akakigeuza tuone hakuna kilichobaki. Ikawa ndiyo desturi yake kila asubuhi. Iliniuma. Nikamvuta pembeni kwenye kamba ya nguo.

"Nipitishie mie nikuchemshie. Nani atajua?"

"Dada, Bihogo akikauka nitaambiwa mie. Acha ninywe. Nikijifungua salama yataisha yenyewe."

"Na usipojifungua salama?"

Akaendelea kuanika shuka la mumewe, akalinyoosha pembe kwa pembe.

Homa ikaanza. Inakuja jua likizama, inamwacha alfajiri amelowa jasho na kiuno hakinyanyuki. Alipimwa malaria, hakuna. Akapewa vidonge vya mkojo mchafu, akavimaliza, homa ikabaki palepale. Mama Gozbert alipoona mkwewe anakonda akaongeza kikombe cha pili, cha jioni, apate nguvu. Alikuwa anakibeba kwa mikono miwili.

Mimba ikatoka. Gozbert alirudi kutoka hospitali amekibeba kitoto ndani ya kanga ya Mama Gozbert, tukakizika bila maneno mengi.

Fredrick alileta majibu tukiwa bado tumekaa mkekani. Akachuchumaa, akaongea chini chini. Bihogo anao ugonjwa. Hawezi kuponywa, inabidi achinjwe, asiuzwe kwa mfugaji mwingine. Vijidudu vyake vinapita kwenye maziwa mabichi na kwenye kondo la nyuma, vinamwingia mtu, na mwenye mimba vinaweza kumtoa mimba. Wote twende tukapimwe.

Mama Gozbert ndiye aliyeuliza. "Hivyo vijidudu vimeanza juzi juzi?"

"Hapana, mama. Ni vya zamani sana."

"Hata kwetu vipo?"

"Hata Bukoba vipo, mama."



Vaileth alipimwa, akakutwa navyo, akarudi na vidonge vingi. Siku moja kabla Bihogo hajachukuliwa, Mama Gozbert aligonga mlango wangu. Ameshika sufuria ya maziwa.

"Mama Benja, nielekeze. Yanachemshwa mpaka yaweje?"

Bibi mzima, amekamua ng'ombe tangu utotoni. Nikawasha jiko, tukasimama wawili tukiyaangalia. Yalipopanda akashtuka, akarudi nyuma. Nikapunguza moto, nikamwambia yaache yatokote kidogo. Akamimina kikombeni, akampelekea mkwewe.

Vaileth alikuwa amelala ameelekea ukutani. "Kiweke tu, mama," akasema. Hakugeuka. Kikombe kikakaa pale mpaka kikashika utando.

Mama Gozbert akatoka, akaketi kizingitini kwangu. Mikono yake ilikuwa inanuka maziwa yaliyochemka na alikuwa anaifuta kwenye kanga, anaifuta tena.

"Kabla ya Gozbert nilizika wanne," akasema. "Hawakufika siku zao hata mmoja. Bibi yangu akasema wifi yangu ndiye aliyechemsha maziwa. Wifi aliniapia hakuchemsha, Mama Benja. Alipiga magoti akaniapia. Sikuongea naye mpaka anakufa."