Hatua ya Tatu

Kabla hajaanza kuandika miongozo, alikuwa karani wa mapokezi katika zahanati kwa miaka kumi na miwili. Alikaa nyuma ya dirisha lenye nondo, mbele yake rejista kubwa kama mlango wa kabati, na upande wa pili foleni ya akina mama wenye watoto mgongoni. Zahanati ilipofungwa alirudi nyumbani na jina tu. Watu wote, hata mama yake mzazi, walikuwa wamezoea kumwita Karani.

Mdogo wake, kitindamimba wa nyumba hiyo, aliitwa Kitinda tangu utotoni mpaka akaota ndevu. Huyo ndiye aliyekuwa mtu wa kompyuta. Alikuwa ameunda programu ya kutunza kumbukumbu za chanjo za watoto na kuiweka huria kwenye intaneti: yeyote angeweza kuichukua bure, kuona ilivyoshonwa ndani, na kuirekebisha. Watu wa mbali ambao hajawahi kuwatia machoni walijitolea kumsaidia. Programu ilikuwa nzuri, ila wauguzi walishindwa kuitumia, maana maelezo yake yalikuwa nusu ukurasa yakiishia na maneno "mengine utayaona mwenyewe."

"Atayaona saa ngapi?" Karani alimuuliza. "Muuguzi ana watoto sitini wanamlilia mbele yake."

"Basi andika wewe, dada."

Akaandika. Aliweka kompyuta kuukuu kwenye meza ya jikoni, akamketisha mama yao mbele yake, na yeye akasimama nyuma, mikono kifuani, bila kusema neno. Mama alikuwa hajawahi kugusa kompyuta. Alisoma kila sentensi kwa sauti, miwani ikiwa imefungwa kwa uzi sikioni.

"'Bonyeza Endelea.' Mbona hapa hakuna Endelea? Kuna Mbele."

Karani alifuta na kuandika Mbele. Mama alipokwama, aliyekosea alikuwa mwandishi. Kwa namna hiyo alijiwekea sharti moja: haandiki jambo ambalo hajalijaribu kwa mkono wake.

Miaka minne ikapita hivyo. Mwongozo ukafika kurasa mia na thelathini. Kila toleo jipya la programu lilipotoka, Karani aliujenga upya: picha za skrini zilizopitwa na wakati alizipiga tena, viungo vya tovuti vilivyokatika aliviunga, kisha akatoa nakala mbili, moja ya tovuti na nyingine ya kijitabu cha kuchapa kwa wale ambao intaneti kwao ni ya kubahatisha. Hakuna aliyemwagiza. Hakuna aliyemshukuru pia, isipokuwa Sista.

Sista alikuwa muuguzi wa chanjo katika zahanati iliyokuwa mwendo wa saa mbili kwa basi. Barua pepe yake ya kwanza ilisema: "Ukurasa wa tisa umeniambia nifunge dirisha. Nimefunga dirisha la chumba, joto limenizidi, na programu bado iko palepale. Nifanyeje?"

Karani alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaona aibu, akaurekebisha ukurasa wa tisa. Tangu siku hiyo Sista hakuacha kumwandikia. Aliuliza maswali ambayo mafundi wangeyaona ya kijinga, na kila swali lilizaa sentensi bora. Hawakuwahi kuonana, lakini Karani alipoandika, alimwandikia yeye.

Ndipo likaja shirika moja kubwa lililotaka kuipeleka programu kwenye zahanati nyingi. Likasema programu inapendeza, tatizo ni mwongozo: mrefu, unatisha watu. Jumapili moja Kitinda akaja nyumbani na laptopu yake, akaiweka katikati ya vikombe vya chai.

"Nimefupisha ukurasa wa kusasisha programu," alisema. "Hatua tano tu. Pitisha basi."

Katika mradi wao, badiliko lolote la mwongozo lilihitaji watu wawili kulikubali. Karani alisoma. Hatua ya tatu ya zamani, aliyoiandika yeye mwenyewe kwa herufi nene, ilikuwa ikisema: kabla ya kubonyeza Sasisha, nakili kumbukumbu zote kwenye flashi, chomoa flashi, iweke mbali na kompyuta. Sasa haikuwepo. Mahali pake palikuwa na maneno: "Programu itajihifadhia nakala yenyewe."

"Inahifadhi?"

"Itahifadhi. Nimebakiza kipande kidogo. Ijumaa kitakuwa tayari, na toleo lenyewe linatoka Jumatatu."

"Basi tuandike Ijumaa."

"Wageni wa shirika wanakuja Jumatano, dada. Jumatano! Unataka nionekane sina kitu?"

"Nataka Sista asipoteze kitu."

Mama aliyekuwa akimenya viazi akaweka kisu chini. "Karani mwanangu, huyu ni mdogo wako. Si mwizi wa kupekuliwa mifuko. Amesema Ijumaa, basi ni Ijumaa."

Karani alimtazama mama, akamtazama mdogo wake, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa kama alivyokuwa akifanya zamani akivunja sahani. Akabonyeza Kubali.

Ijumaa alimwandikia: "Umemaliza kile kipande?" Kitinda akamjibu kwa picha ya kidole gumba. Na kwa mara ya kwanza katika miaka minne, Karani hakukaa mezani kujaribu. Alikuwa amechoka kuitwa mpekuzi. Alijiambia, mwenye programu ni yeye, mimi ni nani?

Toleo likatoka Jumatatu. Jumanne asubuhi Sista alichapa ukurasa ule mpya, akauweka kando ya kompyuta, akazifuata hatua moja baada ya nyingine, kila aliyoimaliza akiitia tiki kwa penseli. Alipobonyeza Sasisha, umeme ukakatika. Uliporudi, programu ilifunguka safi kama sahani iliyooshwa. Idadi ya watoto: sifuri. Asubuhi ile walikuwa elfu moja mia moja na arobaini.

"Karani," aliandika, "nimefanya hatua zote tano. Nakala iko wapi?"

Karani aliisoma barua hiyo akiwa amesimama. Akampigia mdogo wake.

"Umeme ukikatika, hilo ni kosa la umeme," alisema Kitinda.

"Nakala iko wapi?"

Upande wa pili vikasikika vitufe vya kompyuta vikibonyezwa.

"Kitinda. Nakala iko wapi?"

"Nilidhani nimekiunganisha kile kipande. Nilikuwa safarini na wale wageni, kikanitoka kichwani."

"Ulinitumia kidole gumba!"

"Nilikuwa kwenye mkutano, dada. Nilidhani unauliza habari za mkutano."

Kitinda alikimaliza kipande hicho siku ileile, kwa saa mbili tu. Saa mbili! Kisha, bila kumwambia mtu, akamwomba mmoja wa wale wasaidizi wa mbali akubaliane naye, na akairudisha hatua ya tatu kwenye mwongozo kama ilivyokuwa, herufi nene na flashi yake. Katika orodha ya mabadiliko akaandika maneno mawili: "Marekebisho madogo."

Marekebisho hayo madogo ndiyo yaliyommaliza Sista. Wiki iliyofuata alipoitwa kujieleza, daktari mkuu wa zahanati alifungua mwongozo kwenye tovuti mbele ya kikao. Hatua ya tatu ilikuwa hapo, inang'aa: nakili kumbukumbu kwenye flashi.

"Flashi yako iko wapi?" aliulizwa.

Sista alitoa karatasi yake yenye tiki tano. Wakaitazama, wakaitazama skrini, wakatazamana. Mmoja akasema karatasi kila mtu anaweza kuchapa nyumbani kwake. Sista alimwandikia Karani usiku huohuo mstari mmoja: "Wanasema nimeghushi."

Mradi huria una jambo moja: hakuna kinachofutika. Kila badiliko limehifadhiwa, na tarehe yake, na saa yake, na mkono uliolifanya. Karani alichapa kurasa hizo. Palionekana wazi siku hatua ya tatu ilipotolewa, nani aliitoa, nani alikubali, na siku iliporudishwa kinyemela. Jina lake mwenyewe lilikuwa hapo, mbele ya neno "amekubali." Alizitia kwenye bahasha, akapanda basi la kwanza.

Daktari mkuu alikuwa mtu mpole, na huo upole wake ndio uliomuumiza Karani zaidi. Alisoma kila ukurasa. Akavua miwani.

"Nakuamini," alisema. "Huyu mama hakughushi."

"Basi mrudishe kwenye kazi yake."

"Barua imekwisha kusainiwa na wakubwa. Watoto elfu na zaidi hawana kumbukumbu, dada yangu. Wazazi wanauliza, na wakubwa wanataka jibu. Hii programu ofisi yake iko wapi? Nimwite nani? Pale chini pameandikwa inatolewa bure, bila dhamana yoyote. Programu haina mlango nikaugonge. Sista anao."

Sista alikuwa amehamishiwa stoo ya mashuka. Karani alimkuta huko, kwenye chumba kisicho na dirisha, akikunja. Alikuwa mdogo kuliko alivyomdhania, labda miaka thelathini na mitano, na mikono yenye haraka.

"Wewe ndiye Karani?"

"Ndimi."

"Nilidhani ni mzee." Akavuta kiti. "Kaa."

Karani hakukaa. Alimweleza yote, na alipofika kwenye kitufe cha Kubali hakukwepa. "Mimi pia nilibonyeza," alisema.

Sista alikunja shuka, akalipiga pasi kwa kiganja. "Ulijua hicho kipande hakipo?"

"Nilijua hakijamalizika."

"Na ukaniandikia kwamba kipo."

"Aliandika mdogo wangu, mimi—"

"Mimi simjui mdogo wako," alisema Sista, bila kupandisha sauti. "Programu yenyewe siielewi hata leo. Nilikuwa nakusoma wewe. Ukisema bonyeza, nabonyeza."

Karani aliaga, akatoka. Alirudi nyumbani, akaandika kwenye ubao wa mazungumzo wa mradi, mahali ambapo kila mtu anasoma. Aliandika kisa chote, jina la mdogo wake na lake, bila kupunguza wala kupaka sukari. Aliomba mambo mawili: mradi uandike barua rasmi ya kumsafisha Sista, na orodha ya mabadiliko isahihishwe iseme kweli.

Majibu yalikuja. Wawili watatu walisema poleni. Mmoja alisema mambo ya kifamilia yasiletwe kazini. Mwingine akasema kwa adabu kwamba mtumiaji mwenye busara huhifadhi nakala hata asipoambiwa. Siku ya tatu mazungumzo yalifungwa. Aliyeyafunga alikuwa Kitinda.

Alikuja nyumbani jioni hiyo, hakuketi.

"Umenianika, dada. Mbele ya dunia nzima."

"Nimejianika na mimi."

"Wewe una nini cha kupoteza? Shirika lile linaniuliza maswali sasa. Miaka yote hii!"

"Andika barua ya Sista. Mistari mitano tu. Nitakuandikia mimi, wewe weka sahihi."

"Nikiandika, nimekiri."

"Si ndiyo maana yake?"

Mama alitoka chumbani akilia. Hakumlilia Sista, ambaye hamjui. "Nimewazaa wawili tu," alisema. "Wawili! Karani, wewe ndiye mkubwa. Ungemfunika mwenzio."

"Mama, wewe ulikaa kwenye meza hii ukanisomea kila neno ili watu wasipotee."

"Nilikuwa nakusaidia wewe, mwanangu. Hao watu siwajui."

Mwisho wa mwezi mama akahamia kwa Kitinda, "kwa muda tu," akabeba hata mto wake. Shirika likaichukua programu baada ya yote. Zahanati nyingi zinaitumia leo, na mtu akisoma ukurasa wa kusasisha ataona hatua ya tatu mahali pake. Barua ya Sista haikuandikwa.

Karani alijiondoa kwenye mradi. Mwongozo ukaanza kuchakaa, picha zikawa za toleo la jana, viungo vikakatika. Maswali ya wauguzi yakarundikana bila mtu wa kuyajibu. Kitinda akamtumia ujumbe mara mbili: rudi basi, yaishe. Hakumjibu. Siku nyingine aliyafungua yale maswali, akayasoma yote, akayafunga tena.

Jumamosi Karani hupanda basi kwenda kwa Sista. Kwa kuwa zahanati haikuweka mtu wa kurejesha kumbukumbu zilizopotea, Sista mwenyewe hupita mtaa kwa mtaa siku yake ya mapumziko, akikusanya kadi za chanjo walizobaki nazo akina mama nyumbani ili watoto waandikwe upya. Wengine kadi zao ziliungua, zilitafunwa na panya, zilichezewa na watoto wenyewe. Hao huulizwa wanachokumbuka: mtoto alichomwa sindano mara ngapi, paja lipi, kabla ya mvua au baada? Wakishindwa, mtoto huchomwa upya, naye hulia kama mara ya kwanza.

Karani hakuombwa kuja, na hakufukuzwa. Sista humsomea, yeye huandika kwenye daftari kwa mwandiko wake wa mapokezi. Wamefika watoto mia nne na kitu. Hawazungumzi sana. Kila ukurasa ukijaa, Sista hulivuta daftari upande wake, huziweka kadi kando ya daftari, na kwa ncha ya kidole hupitia mstari kwa mstari alichoandika Karani, mpaka wa mwisho, ndipo hulisukuma tena na kusema, "Haya, anayefuata."