Ubao wa Wakulima wa Mwezini

Ubao huu uko sebuleni kwangu tangu sinema yetu ilipogeuzwa ghala la magodoro. Siku ile wengine walibeba viti, mwenye nguvu akabeba mashine, na mimi nikabeba ubao wa mbele, ule wa kubandikia mabango, maana miaka yote mbandikaji nilikuwa mimi. Uliingia nyumbani kwa ubavu na kung'oa kitasa cha mlango. Mke wangu, aliyekuwa akikata tiketi dirishani kwenye sinema hiyohiyo, akasema ama ubao ama yeye. Nikamwambia achague upande wa kuweka kochi. Sasa yeye ametangulia, ubao umebaki, na kochi liko palepale alipochagua.

Mabango yenyewe ni ya zile filamu za Wakulima wa Mwezini. Kwa asiyezijua, ni familia inayolima mahindi mwezini, na kila filamu inaanza na roketi inayoleta mkwe mpya, halafu mambo yanaharibika. Zilitoka tano. Mimi sikuwahi kubandua bango kuukuu. Nilipika gundi ya unga, nikabandika jipya juu yake, nikaenda zangu. Kwa hiyo yote yako pale, yamelaliana kama mashuka kabatini, la tano juu, la kwanza chini kabisa.

Daktari mmoja wa meno alipata habari hizo kwa mgonjwa wake. Alikuja Ijumaa moja saa kumi alasiri, amevaa viatu visivyo na vumbi, akasimama mbele ya ubao kama mtu aliyefika msibani. Anakusanya mabango ya filamu hizo, akasema, na hilo la kwanza hajawahi kuliona hata kwa mbali. Bei tukaelewana mlangoni.

"Tunabandua yote leo, mzee?"

"Moja kwa wiki. Ubao ukilowa mara mbili mfululizo unapinda, na ukipinda unachana kila kitu."

Hilo lilikuwa kweli nusu. Nusu ya pili ilikuwa yangu. Binti yangu hunipigia simu akiwa amekwama kwenye foleni ya magari. Foleni ikifunguka, simu inakatika. Barabara zao zimetengenezwa vizuri siku hizi. Basi nilipomwona mtu amekaa kwenye kochi langu na kikombe mkononi, nikafanya hesabu ya haraka: mabango matano, Ijumaa tano.

Kazi yenyewe haina miujiza. Unachemsha birika, unapitisha mvuke pembeni mpaka gundi ilainike, unaingiza kisu butu, unavuta. Mimi nilishika birika, yeye akavuta. Mkono wake mwepesi, bango halikujua limeng'olewa.

"Usiume," aliliambia, na mimi nikacheka hadi birika likatikisika.

Kila bango nililitolea kisa chake. La tano, nikamwambia, lilipata hii pembe iliyoliwa kwa sababu ya mbuzi. Alipenda unga wa gundi, akala roketi nzima mpaka kwenye moto wa nyuma, na kwa siku mbili miguu yake haikugusa ardhi. Mwenyewe alikuwa akimfunga kwa mawe asipotee.

"Mbuzi yule alishuka vipi?" akauliza Daktari, uso mkavu.

"Alikula la nne."

Tulipofika la nne akalikagua pembe zote. "Mbona zima, mzee?"

"Hapo ndipo ujue nilikuwa mbandikaji wa namna gani. Nilibandika mawili."

Kwa la tatu nikamweleza jinsi fundi wa mashine alivyoweka filamu kinyume, roketi ikarudi nyumbani kwa makalio, mkwe akapanda ndani akaondoka, na ukumbi mzima ukashangilia kwamba hatimaye familia imepata akili. Kwa la pili nikamwambia kuhusu mke wangu, kwamba macho ya yule mama mkulima wa bangoni yalikuwa yakimfuata dirishani mpaka akakataa kukata tiketi bila miwani ya jua. Hicho kilikuwa kisa cha kweli, na ndicho pekee alichokataa kukiamini.

Ijumaa ya tano likatoka la kwanza. Shamba la mahindi, na dunia imening'inia juu yake, ndogo kama chungwa. Daktari alililaza kwenye shuka safi, akakaa chini karibu nalo.

Nami nikaona kikombe chake kimebaki tone moja.

"Chini yake kuna lingine," nikasema.

Akainua kichwa.

"La kabla ya la kwanza. Filamu iliyotangazwa, halafu wakaizuia kabla haijaonyeshwa. Nililibandika mwenyewe. Lakini ubao umelowa leo, Daktari."

Alinitazama kwa muda mrefu, vile anavyomtazama, nadhani, mtu anayeapa kwamba anapiga mswaki kila siku. "Basi Ijumaa," akasema.

Akaja. Tukachemsha birika. Nikapitisha mvuke juu ya mbao tupu, naye akapitisha kisu taratibu, akikwangua unga mkavu, bila kuuliza kitu. Mimi nimedanganya watu wengi, lakini sijapata kudanganya mtu akanishikia kisu namna ile.

Simu yake ikaita. Mikono yake ilikuwa imejaa gundi, ikabidi aibonyeze kwa kiwiko, sauti ikasikika chumba kizima.

"Baba, uko wapi? Si ulisema leo utanishikia baiskeli?"

"Niko kazini kidogo, mwanangu."

"Kila Ijumaa unasema kidogo. Nimekaa hapa getini, jua linaisha."

"Nakuja."

Mtoto hakukata. Tulimsikia akipumua pale getini, na kengele ya baiskeli ikilia mara moja, bila haraka, kama mtu anayejaribu kama bado inafanya kazi. Halafu simu ikakatika.

Daktari akafuta mikono. Akautazama ubao mtupu, akanitazama mimi, akashika ukingo wake.

"Na upande wa nyuma, mzee? Huko hukuwahi kubandika?"

Aliuliza kwa upole sana. Jibu lilikuwa limeshafika mdomoni. Nilikuwa nalo bango zima, rangi zake, hata jina la mkwe. Nyuma pale ningepata Ijumaa kumi.

"Nyuma kulikuwa na ukuta," nikasema. "Hakuna kitu. Nenda kamshikie mtoto baiskeli."

Akasimama kidogo mlangoni, bango lake la kwanza, lililokuwa likikauka kwangu tangu Ijumaa iliyopita, likiwa limeviringishwa kwapani. "Nitapita siku moja, mzee. Kukusalimia tu."

"Karibu sana, Daktari. Mlango huo vuta kwa nguvu, kitasa kiling'olewa."

Ijumaa iliyofuata saa kumi nilijikuta nimechemsha birika. Vikombe vilikuwa viwili mezani. Kimoja nikakirudisha kabatini. Sinywi chai mapema hivyo, na maji ya moto hayafai kumwagwa bure, kwa hiyo nikaugeuza ubao mwenyewe, kwa shida, ukatazama ukuta. Nyuma kulikuwa na misumari miwili na ukungu. Nikapitisha mvuke hata hivyo, kuanzia pembeni, polepole, mpaka birika likakauka.