Namba Zilizotumbukia

Mwalimu Diệu hakulala vizuri, na nani angelala? Mkataba wake wa muda katika sekondari ile ya mjini Cần Thơ, Vietnam, ulikuwa unaisha mwezi huo, na somo hili moja, mbele ya mkaguzi Bwana Khải, ndilo lingeamua kama ataajiriwa au atafungasha virago.

Mfa maji haachi kutapatapa. Alifanya kama wenzake wafanyavyo: somo lenyewe alikwisha kulifundisha darasa hilohilo mara mbili. Swali likiulizwa, darasa zima linyooshe mikono, anayejua wa kulia, asiyejua wa kushoto. Mwalimu anachagua wa kulia tu, mgeni anaona darasa la vipaji. Ujanja mtupu.

Mwanzoni mambo yakawa mteremko. Aliandika programu fupi ya kompyuta inayojiita yenyewe: kupata jibu la tano, zidisha tano kwa jibu la nne, nne nayo iulize tatu, hadi moja, hapo isimame. Akaingiza tano. Projekta ikaonyesha namba zikishuka ukutani moja moja, kisha 120.

"Nani atatuambia kwa nini ilisimama?"

Mikono arobaini ikapaa.

"Yule," alisema Bwana Khải kutoka nyuma, akimwonyesha Thùy, aliyenyoosha mkono wa kushoto.

Thùy akasimama.

"Sijui vizuri, Mwalimu. Ila tukianza na sifuri itasimama wapi? Moja si tumeshaipita?"

Loo, hilo hata Diệu hakuwahi kulifikiria. Angeweza kusema muda umekwisha. Aliona aibu, akaingiza sifuri.

Hasi moja, hasi mbili, hasi mia, namba zikatumbukia hadi maandishi mekundu ya hitilafu yakajaa ukutani na programu ikafa.

"Kosa ni langu," alisema. "Sikuiwekea sifuri mahali pa kusimama."

Bwana Khải akamkazia Thùy macho. "Binti, somo hili mlishafundishwa kabla ya leo?"

Thùy akamtupia mwalimu wake jicho. Angedanganya, ilikuwa wazi, na Diệu hakuvumilia kuona mtoto akibebeshwa uongo wake.

"Mara mbili," alijibu yeye. "Na hiyo mikono nimewafundisha mimi."

Mkaguzi akaufuta kwa kalamu ukurasa mzima wa daftari lake la alama, akafunua mwingine.

"Mpaka hapo nilikuwa natazama maigizo," alisema. "Alama naanza kuhesabu pale ulipoharibu. Haya, endelea, bado dakika kumi na mbili."

Diệu akashika chaki, akaugeukia ubao. Kuanzia hapo hakuwa amefanya mazoezi yoyote.