Jina la Baba Mkwe

Ujumbe ulirudi tena. Dafroza aliukodolea macho kwenye kioo cha kompyuta, maneno yake mwenyewe: "Masatu kaumwa na nyoka. Toa chupa ya dawa ya sumu, pandisha basi la Musoma." Jamani! Anautuma Bunda, unamrudia palepale Mwisenge, Musoma, kama mbuzi aliyekataa kuswagwa!

Masatu alikuwa mwanawe, kitinda mimba, na amelazwa zahanati ya jirani, mguu umevimba hadi juu ya goti. Zahanati dawa hakuna, madukani hakuna. Miaka ile ya tisini ungeipata wapi? Chupa iliyojulikana ilikuwa kwenye friji ya misheni Bunda, anakofanya kazi Mzee Werema. Simu za waya zilikufa tangu mvua zianze, na basi la mchana kutoka Mwanza lingepita Bunda wakati wowote. Likishapita, hakuna lingine hadi kesho. Kesho ya nani?

Ilibaki redio. Dafroza, Mzee Werema wa Bunda na mkaza mwanawe Wegesa wa Butiama walikuwa wapenzi wa redio za upepo, zile za kuitana na kujibizana bila waya, na wiki ile ndiyo kwanza waliziunganisha na kompyuta ili ujumbe ujitafutie njia wenyewe. Vilima haviruhusu Musoma kusikia Bunda, kwa hiyo Butiama ikakaa katikati. Kila mashine ilipewa jina la mwenyewe, na ndani yake unaiandikia maagizo: mzigo wa fulani mpe fulani, usiyemjua, mpe jirani fulani.

Ujumbe ukarudi mara nyingine. Hapo Dafroza akaelewa, na damu ikamchemka. Akanyakua kipaza sauti.

"Wegesa! Mbona unanirudishia ujumbe wa Bunda? Mzee Werema umemwandika kwenye mashine yako?"

Kisha ikaja sauti ndogo.

"Dada Dafroza, yule si baba mkwe wangu? Jina lake sijawahi hata kulitamka, nitaliandikaje? Hizo kazi alikuwaga anafanya mume wangu Chacha, na sasa amesafiri. Mimi niliandika tu: usiyemjua, mpe Dafroza."

Kumbe! Dafroza anampa Wegesa, Wegesa anamrudishia Dafroza, na mtoto anakufa huku wanapokezana. Mwiko huo Dafroza aliujua vizuri, naye ni mke wa mtu. Siku nyingine angemwonea huruma. Leo hapana.

"Liandike, mdogo wangu! Mwanangu anakwenda!"

Alimsikia Wegesa akilia huku vitufe vikigongwa. Ujumbe ukaondoka, na safari hii haukurudi. Lakini jibu nalo halikuja. Saa hizo mzee huwa uani na ng'ombe wa misheni. Redio huiacha wazi, kioo hakitazamwi na mtu.

"Mwite kwa sauti," Dafroza akasema. "Mimi hanisikii."

"Nimwiteje, dada?"

"Kama mashine yake inavyoitwa!"

Dafroza akasimama akimbie, asijue anakimbilia wapi. Ndipo akaisikia sauti ya Wegesa, juu, imepasuka: "Werema! Werema wa Bunda! Soma ujumbe, toa dawa!" Akaita tena, na tena, jina tupu, bila hata neno "mzee" mbele yake. Kutoka Bunda, Dafroza hakusikia kitu. Aliziba mdomo kwa kanga, akamlilia Bikira Maria.

Alikwishakata tamaa kioo kilipoleta maneno.

"Dawa imepanda basi. Nimemkabidhi kondakta mwenyewe. Mwambie binti yangu wa Butiama asilie. Na jina langu asilifute."

Dafroza alimsomea Wegesa yote, neno kwa neno. Kutoka Butiama zilikuja kwikwi tu. Dafroza hakungoja zaidi, alishika kandambili mkononi, akatoka mbio kwenda stendi.