Beseni la Viatu

Mwanamke mmoja alikuwa na kazi ya kutembeza wageni katika mji mkongwe, na kila pembe aliipa maneno yake. Kwenye jengo la forodha ya zamani alionyesha pete za chuma ukutani na kueleza zilifungiwa nini. Kwenye mnara wa saa alisema saa ile ilikufa zamani na bado inasema kweli mara mbili kwa siku, na wageni wakacheka kila mara. Wasichojua ni kwamba mdomo wake ulikuwa kwenye kuta lakini macho yake yalikuwa chini, kwenye miguu ya wanaume waliopita.

Alikuwa anatafuta kandambili za mumewe. Ukanda mmoja wa bluu, mwingine wa kijani, kwa sababu wa kwanza ulikatika na bwana yule, bahili wa kutupwa, akachomoa ukanda wa jozi nyingine na kuubana kwa msumari chini ya soli. Mkewe alimwambia anamtia aibu mtaa mzima. Naye alijibu kwamba angalau hakuna mwizi atakayezitamani.

Mumewe alifanya kazi kwenye boti ya kaka yake, nahodha anayepeleka wageni kwenye fungu la mchanga linalochomoza katikati ya bahari maji yakipwa. Kazini walimwita Mwepesi, maana boti haijagusa ufuko yeye keshatua chini na kushika njia.

Boti hiyo ilikuwa na utaratibu wake. Kila anayepanda, awe mgeni au mfanyakazi, anavua viatu na kuvitia katika beseni kubwa jekundu, mchanga usije ukajaa ndani. Kule fungu watu wanatembea pekupeku. Wakati wa kurudi kila mtu anapanda na kuchukua vyake, na beseni likibaki tupu nahodha anawasha mashine. Vichwa havikuhesabiwa. Nahodha alisema vichwa vinahamahama, viatu vinatulia.

Siku ambayo Mwepesi hakurudi nyumbani, mvua iliwakuta kule fungu bila kubisha hodi. Wageni walipanda wakisukumana, turubai likashushwa pande zote, na nahodha, aliyekuwa nyuma kwenye mashine, hakuona hata pua ya boti. Aliangalia beseni. Lilikuwa tupu. Akaondoka. Ufukweni watu walitimua mbio kulikimbilia basi lao, na kama Mwepesi hakuonekana, ni lini alionekana boti ikifika? Mwamvuli mmoja wa kukingia jua nao haukurudi. Nahodha akasema umekwenda na upepo.

Baharini walimtafuta, lakini kwa nusu ya moyo. Aliyechukua viatu vyake amepanda, aliyepanda ameshuka, na aliyeshuka amekwenda zake. Hivyo ndivyo ukoo ulivyoamua. Haukupita muda, dereva wa lori akasema amemwona Mwepesi bandari nyingine, kanenepa. Muuza samaki akaongeza mwanamke pembeni yake.

Mkewe aliyapokea yote, na mwanamke wa pembeni pia. Usiku alilala akipanga matusi atakayomtukana siku atakayoingia mlangoni, mazito kwa mepesi, mpaka usingizi ukamchukua. Hasira ile ilimlisha, maana huwezi kumkasirikia hivyo mtu asiyekuwepo duniani. Mama mkwe naye kila asubuhi alitoa mto wa mwanawe, akauanika juani, akaukung'uta, jioni akaurudisha kitandani.

Mwaka ulikuwa umepita na ushei pale lilipokuja kundi la wastaafu kutoka mbali. Mmoja wao, mama mnene mcheshi aliyekuwa nesi, alitembea polepole na viatu vyake vya ngozi vilivyofungwa kamba. Walipokaa kupumzika kwenye ngazi za ngome, alimsogelea mtembezaji akafungua mkoba.

Alisema hii ni mara yake ya pili mjini hapa. Mara ya kwanza walikwenda fungu la mchanga, wakaambiwa wote wavue viatu, na yeye ana kisukari, daktari amemkataza kabisa kukanyaga chini pekupeku. Viatu vyake vya ngozi navyo si vya kulowa. Alikuwa ameshakata tamaa ya kushuka, ndipo kijana mmoja wa boti akatoa kandambili zake kwenye beseni akamvalisha mwenyewe, amepiga magoti kama mkwe.

"Akaniambia, mama, vaa hizi, ila ukiolewa nazo mahari ni yangu," nesi alisema, akicheka tena upya. "Sasa mvua ile, vurugu ile, ufukweni nikamwulizia, wakasema huyo alishashuka zamani. Basi linapiga honi. Nikaondoka nazo, mwanangu. Zimenikaa rohoni mpaka leo."

Akaziweka kwenye ngazi. Zilikuwa zimeoshwa. Ukanda wa bluu, ukanda wa kijani. Mtembezaji aliigeuza moja, na msumari ulikuwepo.

"Mlipokuwa mnapanda kurudi," aliuliza, "yeye alikuwa wapi?"

"Kule upande wa pili, anahangaika kung'oa mwamvuli. Nikajua anakuja nyuma yetu."

Mtembezaji akaitikia kwa kichwa. Nesi aliuliza kama anamfahamu mwenyewe, amshukuru kwa mkono wake. Alijibu kwamba anamfahamu. Kisha akasimama, akawaambia wageni wafuate, na akawapitisha sokoni na kwenye visima vya zamani, akisema yote aliyozoea kusema. Kwenye mnara wa saa walicheka.

Safari yake ilimalizikia ufukweni, ambako huwakabidhi wageni kwa shemeji yake. Nahodha alikuwa amesimama ndani ya maji, suruali kaikunja magotini, beseni jekundu liko tayari kwenye boti.

"Shemeji, umetuulia siku," alimtania. "Bahari haingoji hadithi zako."

Wageni wakaanza kuvua viatu. Mtembezaji aliingia majini na gauni lake, akasogea mpaka ubavuni mwa boti, akazitia kandambili katika beseni juu ya viatu vyote.

Nahodha alizitazama. Mkono wake ulikwenda kuzigusa, ukarudi njiani.

"Umezitoa wapi?"

"Alimwazima yule mama mwenye kisukari. Zilishuka miguuni mwake, zikarudi miguuni mwake."

Wageni waliacha kuvua viatu, bila kujua kwa nini.

"Beseni lilikuwa tupu," nahodha akasema, neno lilelile alilowaambia polisi na mama yake, ila safari hii kwa sauti ya mtoto aliyekamatwa.

"Najua, shemeji. Lilikuwa tupu."

Nahodha akakaa palepale majini, mawimbi yakimpanda kifuani, na hakuna aliyeweza kumwinua. Nesi alikuwa ameshaelewa. Alikuwa amejifunika mdomo kwa kofia yake. Mgeni mmoja, ambaye bado hajaelewa kitu, akanyoosha kidole kwenye mstari mweupe huko mbali, akauliza kama ndiko walikokuwa wanakwenda.

"Ni mchanga tu," mtembezaji alimjibu. "Maji yakijaa unafunikwa wote."

Alichukua kandambili, akarudi nyumbani kwa miguu. Njiani hakutazama miguu ya mtu. Alijaribu kukumbuka japo tusi moja kati ya yale aliyompangia mumewe, na halikuja hata moja. Kilichokuja ni mtu amesimama kwenye mchanga unaopungua, ameshika mwamvuli.

Uani mto ulikuwa kwenye kamba. Akauanua, akaukumbatia pamoja na kandambili.

"Mbona mapema, mwanangu?" mama mkwe aliuliza kutoka jikoni. "Jua bado lipo."